Namna ninavyoongoza wabunifu wa kanga bila kuwazima

Studio yetu iko Sinza, Dar es Salaam. Tunachora kanga, vitenge na mabango. Utaratibu huu unafaa kwa yeyote mwenye vijana wa kuchora au kuandika.

1. Andika maelezo ya kazi kwanza

Mteja wa Kariakoo atakutumia sauti ya WhatsApp: "Nataka kanga kali, ila isifanane na za wenzangu." Usiirushe hivyo kwenye kundi la kazi. Mpigie. Muulize ni ya shughuli gani, watavaa akina nani, jina la kanga, yaani maneno yanayoandikwa juu yake, lipo tayari au tulitafute sisi, na rangi ngapi, maana kila rangi ina skrini yake ya kuchapia na gharama yake. Karatasi moja inatosha. Kijana aliyepewa rangi tatu atacheza nazo siku nzima. Mwambie saa kumi jioni kwamba zimebaki mbili uone atakavyonuna, na ana haki.

2. Linda asubuhi

Saa tatu hadi saa sita hakuna kikao, na simu za wateja zinakuja kwangu. Anayetoka Mbagala akikwama kwenye foleni simsemi, mradi kazi itoke.

3. Kosoa kazi, na wewe bosi uwe wa mwisho kusema

Hapa ndipo wengi tunapowapoteza watu. Kwenye chumba ambacho nusu ya vijana wananiamkia shikamoo, neno langu la kwanza linageuka amri na mjadala unakufa. Kwa hiyo tunachapisha mchoro kwa ukubwa wake, tunaubandika ukutani, aliyechora anaeleza alichokuwa anakitafuta, wenzake wanafuata, mimi namalizia.

"Sijaipenda" hairuhusiwi. Onyesha mahali: "Mji, hapa katikati ya kanga, umebanana, maua yanagombana na pindo. Jina limesogea mno pembeni, mama akijifunga litaingia kwenye mkunjo." Kisha nyamaza, na usiguse mausi yake! Mara nyingi atajibu mwenyewe: "Basi nipunguze maua, nilirudishe jina katikati." Hilo suluhisho ni lake, atalipigania mpaka kiwandani. Mchoro ukiwa mzuri, sema pia mzuri wapi.

Kazi inajadiliwa mbele ya wote. Mwenendo wa mtu, kama uchelewaji au majibu ya mkato, mwite pembeni.

4. Bonasi uiweke inapostahili

Mwaka 1962 mwanasaikolojia Sam Glucksberg aliwapa watu mshumaa, kiberiti na boksi la pini, waubandike ukutani. Siri ni kulimwaga boksi na kulibana ukutani liwe kishikio cha mshumaa. Walioahidiwa pesa walichelewa kuliko wasioahidiwa. Kwa kundi jingine, pini zilipokuwa zimeshatolewa kwenye boksi tangu mwanzo, jibu likawa wazi, wa pesa wakawa wepesi zaidi.

Mimi nimechukua hivi: kutenganisha rangi au kupanga saizi za mabango, njia inajulikana, lipa kwa kipande. Kutafuta wazo la kanga mpya, usimning'inizie mtu noti usoni. Mshahara uingie tarehe yake. Mwenye nyumba akiwa anagonga mlango, hata maua hayachoreki.

5. Mtaje aliyechora

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na mpaka leo picha za mtindo wake zinauzwa Oysterbay kwa jina lake. Sisi wa kanga tumezoea kumficha mchoraji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa, kwa hiyo mkataba wa kazi useme wazi jina lake litatajwa wapi na nani anaruhusiwa kuuuza mchoro tena.

Kwenye kitambaa hakuna nafasi ya jina lake. Liweke kwenye posti ya Instagram na kwenye ankara. Mteja akija kuchukua doti za mwanzo, mwite kijana: "Mama, huyu ndiye aliyekuchorea." Akiwa na marekebisho, ayaseme hapohapo mkiwa watatu, yasije yakamfikia kijana kupitia kwako yakiwa nusu.