Kupima Uhalisia wa Spitfire ya Kwenye Simuleta

Ukishapakua kwenye simuleta ya urukaji nyongeza ya Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, usikimbilie kusifu rangi na riveti. Mimi naanzia ardhini, injini ikinguruma. Rejeta ya ndege hii iko chini ya bawa la kulia, na mguu wa gurudumu ukiwa umeshushwa unaizibia hewa. Itembeze polepole uwanjani huku macho yako kwenye geji ya joto: isipopanda haraka, mtengenezaji kachora umbo tu, mashine hakuigusa. Pua nayo lazima ikufiche njia, uende kwa zigizaga ndipo uone mbele.

Unapopaa, itavutia kushoto; kanyaga pedali ya kulia.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote liko angani. Ruka sawa, kisha sukuma fimbo mbele ghafla. Merlin, injini ya ndege hii, ya 1940 ilitumia kabureta (kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa) yenye boya la kudhibiti mafuta kwenye chemba yake. Mwili wako unapoelea kitini, mafuta nayo yanarukia juu ya chemba, na injini inakatika. Ndiyo maana marubani wa Uingereza walibinua ndege kwanza ndipo wapige mbizi kumfukuza Messerschmitt Bf 109E, ndege ya kivita ya Ujerumani, ambayo injini yake ilipuliziwa mafuta moja kwa moja. Mwaka 1941 kilianza kufungwa kizuizi kidogo cha mafuta alichobuni mhandisi Beatrice Shilling, na tatizo likapungua sana. Kwa hiyo angalia umenunua ndege ya mwaka gani kabla ya kulaumu.

Kisha punguza mwendo, vuta fimbo taratibu. Spitfire halisi hutetemeka kumwonya rubani kabla mabawa hayajaishiwa nguvu ya kuibeba ndege. Ikidondoka kimyakimya, dai pesa zako.