Mzio wa chakula: tafuta kinachokudhuru kabla hujaacha samaki wote

Wengi wanaonijia na mwasho na vipele huwa wameshaacha nusu ya vyakula vyao kabla hatujaonana: samaki, mayai, maziwa, karanga, mpaka mbaazi. Wamebaki na wali mkavu na chai, na mwasho uko palepale. Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Unguja, na jambo hili linaniuma, kwa sababu visiwani kwetu samaki ndiye kitoweo cha kila siku. Ukimwachisha mtoto samaki bila sababu, umemnyima protini iliyo rahisi kuliko zote kuipata.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni mzio

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapoiona protini ya chakula kama adui. Mwili hutengeneza kingamwili za kupambana nayo, na siku nyingine ukila chakula kilekile, seli humwaga histamini. Hiyo ndiyo inayoleta mwasho, mabaka yaliyovimba, midomo kuvimba, kutapika, na ikizidi, pumzi kubana na presha kushuka. Mara nyingi dalili huanza baada ya dakika chache, na kwa kawaida hazipiti saa mbili.

Kuna mambo mawili yanayofanana sana na mzio. La kwanza ni samaki aliyekaa joto. Jodari, vibua na nguru wasipowekwa kwenye barafu mapema, bakteria huzalisha histamini ndani ya nyama yao, na ukikaanga, ukichoma au ukitia ndimu, haiondoki. Mlaji huona uso unawaka moto, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, ngozi inakuwa nyekundu. Jiulize: waliokula nami sinia moja wamepatwa pia? Kama ndiyo, shida ni samaki yule, si mwili wako. Hapo cha kubadilisha ni muuzaji na saa ya kwenda sokoni.

La pili ni maziwa yanayojaza tumbo gesi na kuharisha bila vipele wala uvimbe. Watu wazima wengi hawasagi vizuri sukari ya maziwa. Si mzio, na mara nyingi maziwa ya mgando huwakaa vizuri.

Hatua ya 2: Andika daftari kwa wiki mbili

Andika saa uliyokula, kilichomo ndani ya chakula, na saa dalili ilipoanza. Usiandike "urojo" ukaishia hapo. Bakuli moja la urojo lina unga wa ngano, embe au ndimu, bajia za dengu, kachori, chatne ya nazi, pengine yai na mishikaki, na kila kilichokaangwa kimebeba mafuta ya karai lake. Mkate wa ufuta una ufuta, halwa huwa na lozi au korosho, na kashata huenda zikawa za nazi au za karanga. Andika pia dawa ulizomeza, sabuni mpya, na piko. Nalitaja piko kwa makusudi: rangi ile nyeusi ya nywele wanayochorwa maharusi ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi vibaya, na lawama ikaja kuangukia pilau ya harusi.

Hatua ya 3: Ondoa kimoja tu

Chagua chakula kinachojirudia zaidi kwenye daftari, kiache kabisa kwa wiki mbili hadi nne. Dalili zikiondoka, kirudishe kidogo kidogo, peke yake, mchana, ukiwa na mtu karibu. Zikirudi, umekipata.

Lakini kama uliwahi kuvimba koo, kubanwa na pumzi au kuzimia, au una pumu, usijaribu nyumbani hata kijiko kimoja. Hilo ni jaribio la hospitali. Kwa mtoto mdogo pia, muulize daktari kwanza.

Mfano ninaokutana nao sana ni kamba. Protini inayodhuru kwenye kamba imo pia kwenye kaa na kamba kochi, na kwa baadhi ya watu hata pweza, ngisi na chaza huwaletea shida. Moto hauiui; wapo wanaovimba kwa mvuke wa sufuria tu. Changu na tasi wana protini nyingine kabisa, kwa hiyo wengi wenye mzio wa kamba wanaweza kula samaki wa mapezi, mradi asikaangwe kwenye mafuta yaliyokaangia kamba.

Hatua ya 4: Jaza pengo

Ukiacha samaki, weka kunde, choroko, maharage, kuku au mayai. Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe usimhamishie ya mbuzi, maana protini zake zinafanana mno. Tui la nazi nalo si maziwa ya mtoto; protini yake ni kidogo. Mama aendelee kunyonyesha.

Hatua ya 5: Dawa za asili, kila moja kwa mahali pake

Hakuna mmea unaoondoa mzio wa chakula. Zipo tiba za nyumbani zinazopunguza taabu, na hizo nazipenda.

Kwa ngozi kavu inayowasha, paka mafuta safi ya nazi mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Usichanganye na mafuta ya karafuu au mdalasini. Huchoma, na yenyewe huweza kuleta mzio. Kwa pua iliyoziba, chemsha maji, yaache yapoe, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita, uoshee pua.

Habbat soda imeonyesha dalili njema kwenye tafiti ndogo za mafua ya mzio. Kula kidogo kama kiungo. Ukitumia dawa ya sukari au presha, mwambie daktari wako, kwani huweza kuvishusha vyote viwili. Asali hulainisha koo, ila mtoto chini ya mwaka 1 asipewe hata ya kulambishwa.

Hatua ya 6: Dalili za hatari

Koo kubana, sauti kukauka, kupumua kwa shida, kizunguzungu, au kutapika mfululizo pamoja na mabaka: usichemshe tangawizi, usisubiri kidonge cha mzio kifanye kazi. Mlaze chali, miguu juu. Akishindwa kupumua, mkalishe. Asisimame wala kutembea. Mpeleke hospitali iliyo karibu, kama Mnazi Mmoja kwa mjini Unguja au Abdulla Mzee kwa Mkoani, Pemba, na mkifika semeni mara moja kwamba ni mzio mkali. Dawa yake ni sindano ya adrenalini ya pajani.

Akipata nafuu asikimbilie kurudi nyumbani. Dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Kabla ya kuruhusiwa, omba uandikiwe jina la chakula kinachoshukiwa, na karatasi hiyo mtembee nayo, hasa mkialikwa futari au harusi.