Ukitukanwa kwa rangi yako katika mji mdogo wa Uingereza: namna ya kulifikisha jambo polisi likafuatiliwa

Ukiwa London, aliyekutukana kwenye basi huenda usimwone tena maishani. Ukiwa Lincoln, Carlisle au Lancaster, kesho utamkuta kituo kile kile, na keshokutwa kwenye foleni ya duka. Sare yako ya kazi anaijua, na unaposhuka anapajua. Ndiyo maana ule ushauri wa "achana nao, watachoka wenyewe" haufai mji mdogo. Hawachoki. Ila polisi wa mji mdogo nao wana nafasi nzuri ya kumpata mtu huyo: nyuso ni zile zile, kamera zinajulikana zilipo, na askari wa mtaa ni wachache. Kinachobaki ni wewe kuwapa kitu cha kushika, tena mapema. Haya yanahusu England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

Kama jambo linatokea sasa hivi, au mhusika bado yuko karibu, piga 999. Kama huwezi kusema kwa kuogopa kusikika, piga 999 kwa simu ya mkononi, kaa kimya, na ukiambiwa bonyeza 55. Kama limeshapita, piga 101, ambayo ni bure, au ujaze fomu kwenye tovuti ya polisi wa eneo lako. Foleni ya 101 inaweza kukuchosha. Fomu ina faida kwamba maneno yanabaki kama ulivyoyaandika wewe. Kwa njia yoyote utakayotumia, sema tangu mwanzo kwamba unaripoti "hate crime", yaani kosa la chuki, uyatamke hivyo hivyo kwa Kiingereza, kisha uombe namba ya jalada. Hiyo ndiyo RB ya Tanzania au OB ya Kenya, na bila hiyo hakuna atakayekusikiliza mbele ya safari. Ukiwa umeumizwa, nenda hospitali kwanza. Hakuna fomu ya PF3 wala P3 ya kufuata kituoni kabla ya kutibiwa, na huduma ya idara ya dharura hailipiwi. Kuripoti nako hakuna malipo ya aina yoyote.

Askari akisema "huu ni ugomvi wa kawaida tu", usikubali iandikwe hivyo. Kifo cha Stephen Lawrence, kijana Mweusi aliyeuawa na wabaguzi kusini-mashariki mwa London Aprili 1993, ndicho kilichosababisha uchunguzi ulioongozwa na Sir William Macpherson. Ripoti yake ya 1999 iliweka kanuni ambayo polisi wameifuata tangu hapo: tukio huhesabiwa la ubaguzi wa rangi likionekana hivyo na aliyetendewa au na mtu mwingine yeyote. Hiyo ni kanuni ya kuandikisha. Mahakamani mzigo ni mwingine. Chini ya sheria ya 1998 inabidi ithibitishwe kwamba mhusika alionyesha uadui wa rangi wakati wa kutenda kosa, au mara tu kabla au baada yake, au kwamba uadui huo ndio uliomsukuma. Kwa hiyo maneno yaliyotamkwa, na yalitamkwa dakika gani, ndiyo kesi yenyewe.

Hapo ndipo sisi Waswahili tunapoumia, kwa sababu tatu ambazo hazimo kwenye kipeperushi chochote cha polisi.

Ya kwanza ni heshima. Mtu aliyelelewa vizuri harudii matusi mbele ya asiyemjua, hasa askari akiwa binti wa umri wa mwanawe. Anasema, "alinitukana matusi mabaya sana, siwezi hata kuyasema." Askari anaandika kwamba kulikuwa na matusi, basi. Hakuna neno la rangi, kwa hiyo hakuna kosa la ubaguzi. Yaseme yote, kwa Kiingereza kile kile kilichotumika, bila kutafsiri wala kupunguza. Kama waliiga mlio wa nyani, sema waliiga mlio wa nyani, nani, mara ngapi, na alikuwa anamtazama nani. Ukiona haya kuyatamka, yaandike kwenye karatasi umpe.

Ya pili ni saa. Umevamiwa saa mbili usiku, kwenye simu unasema "two at night", na aliyepokea anaandika 02:00. Kwetu hiyo ni saa nane usiku. Mpelelezi anaomba kampuni ya mabasi picha za saa ambayo hakuna basi barabarani, anajibiwa hakuna kitu, na jalada linafungwa. Andika kwa tarakimu za saa 24: 20:10. Kabla ya kutia sahihi maelezo yako, kitu cha kwanza kukagua kiwe hicho.

Ya tatu ni salamu. Askari anauliza kama uko sawa, nawe unajibu kama unavyowajibu watu siku zote: niko sawa, hakuna shida, Mungu ni mwema. Jibu hilo linaweza kuandikwa kama lilivyo. Miezi mitatu baadaye wakili wa mshtakiwa anasoma kwamba mlalamikaji alisema hakuna shida. Jibu ukweli wa mwili na moyo: unatetemeka, mkono unauma, unaogopa kurudi nyumbani peke yako.

Kuhusu lugha, omba mkalimani, ni haki yako na hulipi. Taja Kiswahili chako ni cha wapi. Mkalimani wa Mombasa na mlalamikaji wa Bukavu au Lubumbashi wanaweza kupishana kwenye neno linalobeba kesi nzima. Usimtumie mtoto wako kutafsiri, hata kama Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha askari. Maelezo yakishaandikwa, usomewe yote, na kila kilichokosewa kirekebishwe kabla ya kutia sahihi.

Ushahidi una umri. Kamera nyingi za maduka na mabasi hujifuta zenyewe baada ya siku au wiki chache, kwa hiyo fanya yafuatayo siku ile ile. Kwa basi, andika namba ya njia, namba ya gari iliyobandikwa ndani au nyuma, kituo ulichopanda na saa. Kwa duka, mwandikie meneja barua pepe fupi ukimwomba azihifadhi picha za saa fulani mpaka fulani kwa ajili ya polisi, na umpe namba ya jalada. Huenda asikupe wewe, lakini baada ya barua hiyo itakuwa vigumu kwake kusema hakujua. Jirani mwenye kamera ya kengele ya mlangoni muombe usiku huo huo. Ukitemewa mate, hilo ni shambulio kisheria, na mate yana vinasaba: usifue nguo, iache ikauke, uitie kwenye mfuko wa karatasi. Wa nailoni hutunza unyevu na kuharibu sampuli. Wakipaka maandishi au kinyesi mlangoni, piga picha kwa karibu na kwa mbali kabla ya kusafisha. Kwa ujumbe wa simu au mtandao, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, na usiufute ujumbe wenyewe.

Halafu kuna video. Ikipatikana, mkono wa kwanza unakwenda kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania au Wakenya wa mji ule. Uzuie. Kama shahidi atatakiwa baadaye kumtambua mtuhumiwa kwenye gwaride la utambuzi, na tayari ameshaiona sura hiyo kundini mara ishirini, wakili wa upande wa pili ataubomoa utambuzi huo kwa swali moja. Mpe polisi, hifadhi nakala, nyamaza.

Sasa kuhusu majumbani, kwa sababu Waafrika Mashariki wengi wanahudumia wazee, na wengine wamepanga nyumba zenye kuta nyembamba. Sheria ya utulivu wa umma ya 1986, ambayo ndiyo polisi huitumia sana kwa matusi ya barabarani, ina upungufu mkubwa: maneno yakitamkwa ndani ya nyumba ya kuishi na msikilizaji naye yuko ndani ya nyumba hiyo au nyingine, makosa yake mengi hayashiki. Mzee anayekutukana sebuleni kwake, au jirani anayepiga kelele za ubaguzi kupitia ukuta, anaweza kuponea hapo. Askari akikueleza hivyo huenda anasema kweli, ila usiishie hapo. Akikugusa, akikutupia kitu au akikutisha kwa vurugu, hayo yana sheria nyingine. Na matusi yakirudiwa, kuna sheria ya usumbufu ya 1997, inayohitaji mwenendo wa angalau mara mbili, na haijali ukuta wala mlango. Kwa hiyo kesi ya usumbufu wa nyumbani unaishinda kwa daftari. Tarehe, saa, maneno, nani alisikia, ulifanya nini, kila mara, hata ukiona ni jambo dogo. Kila tukio liripoti kwa namba yake, na kila ukiripoti taja namba za nyuma, la sivyo yatakaa kwenye mfumo kama matukio kumi yasiyojuana. Mwajiri naye mwandikie, usiishie kumwambia msimamizi kwa mdomo.

Ukisharipoti mara tatu ndani ya miezi sita na hujaona hatua, manispaa, polisi na vyombo vingine wanalazimika kukaa pamoja kulipitia suala lako ukiomba. Utaratibu huu uliletwa na sheria ya 2014, na maombi yake yako kwenye tovuti ya manispaa. Wengi hawaujui, na maofisa hawautaji mpaka uuombe. Hakikisha kila ripoti ilitolewa ndani ya mwezi mmoja wa tukio. Na hata hali ikiwa mbaya kiasi gani, usirudishe funguo za nyumba kabla ya kupata ushauri wa makazi, maana unaweza kuhesabiwa umejiondoa mwenyewe.

Kurudisha ngumi ni jambo zito zaidi kwako kuliko kwake. Sheria inaruhusu kujikinga kwa nguvu ya kiasi, lakini polisi wakifika wakakuta wawili wanavuja damu, wanaweza kuwakamata wote. Ukihojiwa kama mtuhumiwa, wakili wa zamu ni bure kwa kila mtu, na kumuomba hakuonyeshi kuwa una hatia. Ukiambiwa "kubali onyo rasmi uende nyumbani", usikubali kabla ya kuongea naye. Onyo hilo huingia kwenye rekodi. Linaweza kuibuka kwenye DBS, yaani ukaguzi wa rekodi ya makosa, wa kazi ya kuhudumia wazee na kwenye maombi ya viza.

Kwa mwenye viza halali, kuwa mlalamikaji hakugusi viza. Kwa asiye na karatasi hatari ipo, kwa sababu polisi wanaweza kupeleka taarifa Home Office, wizara inayoshughulikia uhamiaji. Mtu huyo aongee kwanza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, au aripoti kupitia shirika lisilo la polisi kama Stop Hate UK, ambako si lazima kutoa jina.

Baada ya hapo, kazi ni kufuatilia. Chini ya kanuni za haki za waathirika, aliyefanyiwa kosa la chuki ana haki za ziada: taarifa za kukamatwa, kuachiwa au kushtakiwa mtu humfikia ndani ya siku moja ya kazi, wakati wengine husubiri tano. Muulize mpelelezi jina lake, namba yake, na swali hili moja: kosa hili lina ukomo? Makosa madogo yanayoishia kwa hakimu lazima yafunguliwe ndani ya miezi sita tangu kutendeka. Jalada likilala mezani mpaka mwezi wa saba, limekufa, hata mhusika akiungama. Weka tarehe ya mwezi wa nne kwenye simu yako, siku hiyo uandike barua pepe ya kuuliza.

Wakifunga jalada, omba sababu kwa maandishi. Kama mtuhumiwa alipatikana akahojiwa rasmi kama mtuhumiwa ("under caution") kisha wakaamua wasimshtaki, una haki ya kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Fanya hivyo ndani ya miezi mitatu. Kama hawakumtafuta kabisa, njia hiyo haikuhusu, peleka malalamiko rasmi kwa jeshi la polisi lenyewe. Andika kilichokosekana, siyo hasira yako: "Tarehe 4 niliwapa namba ya basi, picha hazikuombwa mpaka tarehe 19, zikawa zimefutwa." Jibu lisiporidhisha, barua yao hutaja chombo cha kukata rufaa, na una siku 28.