Ukikosa Jaribio au Mtihani wa Chuo Kikuu: Utaratibu wa Kufuata

Kosa la kwanza hutokea kwenye saa. Ratiba ya mitihani huandikwa kwa saa za ofisini, ambapo 08:00 ni saa mbili asubuhi na 14:00 ni saa nane mchana, na kila mwaka hujitokeza mwanafunzi aliyefika mlangoni karatasi zikiwa zimekwisha kukusanywa kwa sababu alisoma 08:00 akaelewa saa nane. Ratiba ya kwanza kubandikwa mara nyingi ni rasimu, hivyo iangalie tena wiki ya mitihani inapokaribia, nawe uiandike upya kwa mkono wako pamoja na jina la ukumbi, kwa sababu somo moja lenye wanafunzi wengi linaweza kugawanywa katika kumbi tatu kwa kufuata namba za usajili.

Kabla ya kueleza la kufanya unapokosa mtihani, ni vema ujue uzito wa kile unachokikosa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa shahada ya kwanza, mgawanyo uliozoeleka ni alama 40 za kazi za muhula, yaani majaribio, mazoezi na semina, na alama 60 za mtihani wa mwisho. Jumla ya 40 hadi 49 ni C, ambayo ndiyo ya kufaulia, na A huanzia 70. Tuchukulie kwamba mhadhiri amepanga majaribio mawili ya alama 15 kila moja na kazi ya kikundi ya alama 10. Ukikosa jaribio moja bila kulifidia, kilele cha kazi zako za muhula kinashuka hadi 25, na hata ukizipata zote 25 utahitaji 45 kati ya 60 kwenye mtihani wa mwisho ndipo uifikie A. Ndiyo maana kauli ya wakubwa wa bwenini kwamba «tesiti si kitu, utafidia mwishoni» inafaa kupokewa kwa tahadhari. Vyuo vingine, hasa vya tiba, vina viwango vyao vya kufaulu, kwa hiyo soma kanuni za programu yako badala ya kutegemea za rafiki aliye chuo kingine.

Jaribio la katikati ya muhula kwa kawaida humalizwa kati yako na mhadhiri. Mwandikie barua pepe siku hiyohiyo, ukitaja jina lako, namba ya usajili, msimbo wa somo na sababu, kisha mfuate ofisini na ushahidi wako. Kumwambia kiongozi wa darasa akufikishie salamu hakutoshi, kwa kuwa siku alama zitakapobandikwa na nafasi yako ikiwa wazi, hakuna karatasi itakayokutetea.

Mtihani wa mwisho una mkono mrefu zaidi, kwani hapo anayeamua ni chuo na si mhadhiri peke yake. Hakikisha kwamba ada imelipwa, usajili wa kila somo unaonekana kwenye mfumo wa chuo, na kitambulisho chako hakijaisha muda. Kitambulisho kikipotea, pata taarifa ya upotevu ya polisi na uipeleke chuoni kabla ya siku ya mtihani. Kwa desturi ya vyuo vingi, aliyechelewa zaidi ya nusu saa haruhusiwi kuingia. Simu iache nje, hata ikiwa imezimwa, kwa maana kukutwa nayo mezani kunaweza kuhesabiwa sawa na kudesa, na adhabu ya udanganyifu inaweza kufikia kufukuzwa masomoni. Usitoke ukumbini bila kusaini karatasi ya mahudhurio, kwani saini hiyo ndiyo itakayokuokoa iwapo kitabu chako cha majibu hakitaonekana.

Sasa tuseme umeugua, umepata ajali au umefiwa. Kanuni hutofautisha hali mbili ambazo wanafunzi wengi huzichanganya. Mwanafunzi aliyekosa mtihani kwa sababu nzito iliyokubaliwa na chuo hupewa mtihani maalumu, ambao huhesabiwa kuwa ndiyo mara yake ya kwanza, na hivyo hupata daraja lolote analostahili, hata A. Mwanafunzi aliyefanya mtihani akafeli hupewa mtihani wa marudio, ambao sote tunauita sapu, na hapo, hata akipata 80, daraja la juu atakaloandikiwa huwa C. Kwa hiyo anayejikokota hadi ukumbini akiwa na homa kali kwa kuogopa usumbufu wa barua huenda akabadilisha nafasi ya kupata A kwa sapu, na akishakaa na kuanza kuandika, hoja ya ugonjwa huwa ngumu sana kukubaliwa baadaye. Asiyefika bila sababu yoyote iliyokubaliwa huingia mahali pabaya zaidi, kwani anaweza kuhesabiwa amefeli au hata kuondolewa masomoni.

Barua ya kuomba kuahirisha mtihani huandikwa kwa uongozi wa skuli au ndaki yako, yaani kitengo kinachosimamia idara yako, kupitia kwa mkuu wa idara, na inapowezekana ifike kabla ya saa ya mtihani. Ukiwa umelazwa, ndugu anaweza kuiwasilisha kwa niaba yako. Kinachoipa barua nguvu ni viambatisho. Kwa ugonjwa, cheti kioneshe tarehe, siku za mapumziko ulizopewa, jina na saini ya daktari, pamoja na muhuri. Mimi mwenyewe, mwaka wa pili, nilirudishwa na cheti cha zahanati ambacho kilikuwa na kila kitu isipokuwa muhuri, nikalazimika kupanda daladala mara mbili kukifuata. Vyuo vingine hutaka cheti cha nje kithibitishwe na kituo cha afya cha chuo, kwa hiyo pitia huko kwanza. Kwa ajali ya barabarani, ambatisha nakala ya fomu ya polisi ya PF3. Kwa msiba wa mzazi, mwenzi au mtoto, kibali cha mazishi au barua ya serikali ya mtaa husaidia.

Foleni ni jambo jingine. Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua kwamba mvua za masika zikijaa Jangwani, Barabara ya Morogoro inaweza kufungwa kwa saa kadhaa, lakini usitegemee foleni kukubaliwa kama sababu, maana wenzako wa Mbezi na Kigamboni wamefika. Katika miezi ya masika, anayeishi mbali na mwenye mtihani wa saa mbili asubuhi atafute pa kulala karibu na chuo usiku wa kuamkia mtihani.

Ukishawasilisha barua, omba nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha usubiri jibu la maandishi, kwani «nimekuelewa» ya mdomoni si ruhusa. Matokeo yakitoka na ukaona alama zisizoeleweka, anza kwa mhadhiri na idara, na rufaa iwe hatua ya mwisho, kwa kuwa ina ada na muda wake ni mfupi. Matokeo hubaki ya awali hadi yaidhinishwe na Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni.

Mitihani maalumu hufanyika mara nyingi pamoja na sapu, kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, wakati ambao mabweni huenda yakawa yamefungwa na posho ya mkopo haijaingia. Mwenye kwao Bukoba au Songea aweke nauli ya kurudi mapema, na aulize kwa mlezi wa wanafunzi kuhusu malazi kabla hajaondoka mjini.