Umepata udaktari, kampasi bado: namna ya kuipitisha miezi ya kungoja

"Umepangiwa wapi?" Akina mama wa kanisani kwetu hapa Indianapolis waliniuliza hivyo kila Jumapili, majira ya baridi yote, na kila Jumapili jibu langu lilikuwa lile lile: sijui. Wengine walishaanza kuniita Daktari. Mmoja alimvuta mamangu pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli nimechaguliwa, kwa sababu haiingii akilini mtu akubaliwe chuo halafu asijue chuo chenyewe kiko mji gani.

Simlaumu. Kwetu Kenya, KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, ikikupangia, unapata kozi na chuo kwa mpigo mmoja. Shule ya Udaktari ya Chuo Kikuu cha Indiana ni mambo mengine. Shule ni moja, lakini ina kampasi tisa zilizotawanyika jimbo zima: Indianapolis, Bloomington, Muncie, West Lafayette, Terre Haute, Fort Wayne, South Bend, Gary kule kaskazini-magharibi, na Evansville kusini kabisa mtoni Ohio. Kwanza unakubaliwa na shule. Kisha unazipanga kampasi kuanzia unayoitamani mpaka usiyoitaka. Kisha unakaa. Nilipopata barua ya kukubaliwa theluji ilikuwa haijaanza kuanguka. Nilipojua kampasi yangu, ilikuwa imeshayeyuka, na mamangu ameshapanda sukuma wiki nyuma ya nyumba.

Nawaandikia mlio katikati ya hapo, hasa nyinyi ambao wazazi wenu hawakusoma nchi hii na hakuna wa kuwaambia ni nini cha kufanya wakati hakuna kinachofanyika.

Anza kwa kuelewa kisichobadilika. Mtaala ni mmoja kote na shahada ni moja. Katika kila kampasi unaweza kusoma miaka yote minne, kuanzia madarasa ya mwanzo hadi zamu za wodini. Mjombangu alishikilia kwamba Indianapolis ndiyo "ile yenyewe" na zingine ni matawi, kama vile kuna daktari mzima na daktari nusu. Nilibishana naye hadi nikachoka. Tofauti zilizopo ni za maisha ya kila siku: Indianapolis mko wengi na hospitali kubwa ziko karibu, kampasi ndogo darasa lenu linaenea chumba kimoja na mwalimu anakujua jina wiki ya kwanza. Terre Haute ina mkondo wa wanaotaka kutibu vijijini. West Lafayette uko ndani ya Chuo Kikuu cha Purdue, South Bend uko pua na mdomo na Chuo Kikuu cha Notre Dame. Mtu mwenye haya kama mimi hupotea kwenye umati, na hilo sikulijua nilipokuwa nikijaza orodha.

Ndiyo maana nasema orodha usiipange kwa majina ya miji. Mimi niliipanga hivyo mara ya kwanza, dakika kumi, simu mkononi. Kabla sijaituma Mama akaniuliza swali moja tu: "Nikiugua usiku, utafika saa ngapi?" Nikachukua karatasi upya. Nikaandika maili kutoka mlangoni kwetu: Bloomington kama 50, Muncie kama 60, Terre Haute karibu 80, Evansville 170 hivi. Kando nikaandika kodi ya chumba kimoja, kama ninamjua mtu yeyote kule, na kama naweza kuishi bila gari. Safu hiyo ya mwisho ilikuwa na jibu moja kwa karibu miji yote: huwezi. Kama huna leseni ya kuendesha, acha kusoma hapa uende ukaanze mazoezi, utarudi. Wodi zinaanza alfajiri na basi la saa hiyo usilitegemee.

Kisha nenda ukaone. Mjomba alinipa Corolla yake wikendi mbili za Februari, kwa sharti nirudishe tangi likiwa limejaa. Nilifika kampasi nne. Ukifika usiulize kama pako vizuri, maana kila mtu atasema pako vizuri. Uliza mambo ya kipumbavu: unaegesha wapi, chakula cha usiku unakipata wapi, hospitali ya mbali zaidi unayotumwa iko umbali gani, Jumapili unafanya nini. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniambia Jumapili anafua na kulia. Halafu akacheka, akanionyesha duka linalouza mihogo. Nilijifunza mengi zaidi kwake kuliko kwenye ziara nzima.

Na kama una sababu nzito ya kuhitaji mji fulani, mzazi mgonjwa, mtoto mdogo, matibabu yako mwenyewe, iandikie ofisi ya udahili mapema na uulize wanataka uthibitisho gani. Usingoje upangiwe kwanza ndipo uanze kueleza. Wazazi wetu wanatufundisha kutosumbua ofisi za watu. Hapa uliza tu, kwa adabu, mara moja, kwa maandishi.

Sasa la pesa, kwanza aibu yangu. Mwezi wa Machi nilijishawishi kwamba Indianapolis ni yangu. Nilikuwa nimeiweka ya kwanza, ninaishi hapa hapa, nani angeninyima? Nikaona chumba kizuri dakika kumi kutoka kampasi, nikalipa dola 75 za maombi na 300 za kushikia. Mkataba ulisema hazirudishwi, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka kabisa. Nilisoma baada ya kulipa. Dola 375 kwa Mama ni zamu kadhaa za usiku za kugeuza wazee kitandani kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Sikumwambia mpaka Juni. Kwa hiyo: angalia nyumba unavyotaka, piga picha, uliza bei, lakini usisaini wala usilipie chochote kabla barua ya kampasi haijaingia. Vyumba vitakuwepo. Wanafunzi wa mwaka wa nne huhama kila mwaka na huwa wanatafuta wa kuwarithi.

Fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ijaze bila kungoja kampasi, kwani msimbo unaoandika ni wa shule, si wa kampasi. Na kuhusu mikopo sikiliza vizuri, kwa sababu ushauri wa waliotutangulia umeshapitwa na wakati: kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa Grad PLUS, ule uliokuwa ukiziba pengo lote lililobaki, haupo tena kwa wakopaji wapya. Mkopo wa serikali kuu kwa anayesomea udaktari una ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Kama gharama zako zinapita hapo, pengo utalijaza kwa ufadhili, kwa akiba au kwa benki binafsi. Hapo ndipo kodi ya nyumba Terre Haute na kodi ya nyumba Indianapolis inapoacha kuwa jambo dogo.

Kama una nafasi kwenye shule nyingine pia, mwisho wa kubaki na mbili mkononi ni tarehe 30 Aprili. Ndivyo taratibu za AAMC, jumuiya ya shule za udaktari za Marekani, zinavyotaka. Usikalie kiti cha mwenzako ukingoja kampasi ikupendeze. Kuna mtu mahali anatazama simu yake kama wewe.

Sehemu inayofuata ndiyo niliyotaka kuiandika hasa, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Chanjo. Watataka uthibitisho wa surua na rubela, tetekuwanga, pepopunda, homa ya ini B, na kipimo cha kifua kikuu. Wenzangu waliozaliwa hapa walibofya kitufe kwenye tovuti ya daktari wao wa utotoni, kwisha. Mimi nilizaliwa Eldoret. Kadi yangu ya kliniki ilikuwa kwa nyanya, ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro, na ilibidi binamu aipige picha kwa WhatsApp mara nne kwa sababu nyanya alikataa kuiachilia mkononi. Kidole gumba chake kinaonekana kwenye picha zote. Itafute kadi yako leo. Ukiikosa, usikate tamaa, damu yako inaweza kupimwa kingamwili badala ya karatasi.

Homa ya ini B ndiyo yenye mtego. Wanapima kingamwili, na kiwango kinachokubalika kinaanzia 10. Wengi tuliochanjwa utotoni tunakuta kimeshuka chini ya hapo, na ukitakiwa kurudia mzunguko wa sindano tatu, ya pili inakuja mwezi mmoja baada ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Hesabu mwenyewe. Ukipima Juni, masomo yanakuta uko katikati. Pima mara tu unapokubaliwa, kampasi iwe bado au isiwe bado.

Na kifua kikuu. Tazama mkono wako wa kushoto, chini ya kiwiko. Kama ulizaliwa Kenya huenda una kovu la duara pale, la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Ukichomwa kile kipimo cha chini ya ngozi, BCG inaweza kukifanya kivimbe bila ugonjwa wowote. Kwangu muuguzi alirudi baada ya siku mbili, akaweka rula, akaandika milimita 12, na uso wake ukabadilika. Ghafla nikawa mtu wa kuulizwa kama nakohoa usiku. Nikapigwa picha ya kifua, nikakosa kazi siku mbili. Yote ningeyaepuka kama ningesema tangu mwanzo: nina chanjo ya BCG, naomba kipimo cha damu. Cha damu hakidanganywi na BCG. Changu kilitoka safi. Sema sentensi hiyo kabla sindano haijafunguliwa.

Watu watakuuliza kama uanze kusoma mapema. Nilinunua kadi za anatomia, nikasoma mifupa ya mkono mpaka nikaijua, na masomo yalipoanza tuliipita kwa siku chache. Laiti muda ule ningelala. Kitu kimoja tu nilichojifunza wakati wa kungoja ambacho bado kinanilisha ni kupika siku moja chakula cha siku nne: maharage, mchuzi, na yale majani ambayo hapa wanayaita collard greens na sisi tunajua jina lake. Ugali hautunziki, huo utasonga kila siku, ni dakika kumi na tano.

Kuhusu ndugu na jamaa, wape tarehe hata kama huna. Nilianza kujibu "niulizeni baada ya Pasaka," na kelele zikatulia. Mama naye aligundua lake. Kabla hatujahamia huku alikuwa akiuza chai na mandazi karibu na lango la Hospitali ya Rufaa ya Moi, na wateja wake walikuwa ni pamoja na madaktari wa Kizungu wa kutoka Indiana, kwani vyuo hivi viwili, Moi na Indiana, vina ushirikiano tangu miaka ya mwisho ya themanini. Wanafunzi wa Indiana wamekuwa wakienda Eldoret kwa mazoezi ya vitendo miaka na miaka. Basi akina mama wa kanisani wakiuliza nimepangiwa wapi, alikuwa akiwajibu: "Atazunguka kote, mwisho atapangiwa Eldoret." Wakacheka, mazungumzo yakahamia kwingine.

Barua yenyewe ilikuja Jumanne mchana, nikiwa kwenye foleni ya kuosha gari la Mjomba. Evansville. Niliiweka ya nne. Sikulia, lakini niliruhusu magari mawili yanipite kwenye foleni. Ushauri wangu kwa siku hiyo: usiandikie ofisi yoyote chochote kabla hujalala usiku mmoja. Mwambie mtu mmoja tu. Kesho yake fungua ile karatasi yako ya maili na kodi, tazama safu ya Evansville, au Gary, au popote ulipoangukia, uone uliandika nini ulipokuwa na akili timamu. Yangu ilisema: kodi ndogo, jengo jipya katikati ya mji, mto. Niliandika hata neno "mto," nalo halikuwa kwenye safu yoyote.

Kisha ndipo unatafuta nyumba, unabadilisha anwani kwenye bima ya gari, na kununua unga wa kutosha kabla hujaondoka Indianapolis. Mimi nilibeba magunia mawili ya kilo kumi nyuma ya kiti.

Na ukipangiwa Evansville au Gary, badilisha saa. Kaunti 12 kati ya 92 za Indiana zinafuata saa ya Chicago, na kampasi hizo mbili zimo humo. Niliambiwa hili na mwenye nyumba, baada ya kufika kuchukua funguo saa nzima kabla ya miadi. Mama anatoka zamu saa moja asubuhi na hunipigia simu akiwa anatembea kuelekea kituo cha basi, kuniombea siku njema. Kwangu inakuwa saa kumi na mbili. Bado sijamwambia kwamba kengele yangu naitegea saa kumi na mbili na nusu.