Kukalimani maneno ya ulevi ya Kiingereza bila kumponza mtu

Mkalimani wa Goma akisikia "intoxicated", kichwa kinakimbilia Kifaransa kwanza: intoxiqué, mtu aliyekula au kupewa sumu. Lakini kwa Kiingereza cha polisi na cha hospitali, mara nyingi anayesemwa hapo ni mtu aliyelewa, kwa pombe au kwa madawa ya kulevya. Ukimwambia mama wa mtaa wa Birere kwamba mwanawe ameletwa na sumu mwilini, jioni hiyohiyo watu wataanza kutaja karuho, sumu inayosemekana watu hutiliana kwa siri, na kuna jirani atakayetafutwa. Sema "alikuwa amelewa". Daktari akimaanisha sumu, kwa kawaida atasema "poisoned". Ila "alcohol poisoning" haina maana kwamba mtu ametia kitu kwenye kikombe: ni pombe nyingi mno, hadi mgonjwa anapoteza fahamu na pumzi inaweza kukatika. Hapo taja pombe waziwazi, ili familia isibaki inajiuliza ni nani aliyemwekea.

"Drug" nalo linateleza kwa njia hiyohiyo, kwa sababu drogue ya Kifaransa kwetu ni ya wavuta bangi tu. "Drug stock" ni akiba ya dawa za kituo cha afya. "On drugs" ni kutumia madawa ya kulevya. Shika neno lililoshikamana nalo kabla ya kufungua mdomo.

Neno linaloharibu kazi kuliko yote ni "wasted". Kijana wa London au New York akisema "he is wasted", anamsema mtu aliyelewa hadi hajijui. Jambazi akisema "they wasted him", wamemuua. Kwenye kituo cha lishe, "wasted child" ni mtoto aliyekonda kwa utapiamlo, uzito ukiwa mdogo mno kwa urefu wake. Muuguzi huzungusha utepe kwenye mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 115 hadi kabla ya 125 ni wa kadiri. Ukiona utepe au mizani, au ukisikia "stunted", yaani aliyedumaa kimo, maana imeshajulikana. Usiseme "mtoto ameharibika" eti kwa kuwa "waste" ni kuharibu. Mwambie mama: "Mtoto amekonda sana, ana utapiamlo." Huyo mama hajafika pale kulaumiwa.

Kuna kundi la maneno ya kipigo ambayo mtaani yamekuwa ya ulevi: "hammered", "smashed", "bombed", "stoned". Yashughulikie hivi. Kwanza, subiri sentensi iishe. Pili, tafuta kama kuna mtenda nyuma ya "by": "hammered by Inter" ni kufungwa vibaya, kama klabu ya TP Mazembe ya Lubumbashi ilivyofungwa 3–0 kwenye fainali ya klabu za dunia mwaka 2010; lakini "he was hammered last night", bila mtenda, huenda alilewa chakari. Tatu, angalia anayesemwa ni mtu au ni mahali. Kambi hailewi, kwa hiyo "the camp was bombed" ni bomu kweli. Mcheshi wa Marekani akisema "I bombed", onyesho lake lilianguka vibaya. "Stoned" ya siku hizi ni kulewa bangi, lakini Matendo 14:19, pale Listra, Paulo alipigwa mawe, na Biblia ya Kiingereza inatumia neno hilohilo.

Nchi ya msemaji nayo ina uzito. Mwingereza akiwa "pissed" amelewa. Mmarekani akiwa "pissed" amekasirika. Wote wawili wakiongeza "off", ni hasira. Hili limewahi kuwapa watu wapole sifa ya ulevi, na sifa hiyo haifutiki haraka ofisini.

Penye ulinzi, usikisie kamwe. "Loaded" kwa bunduki ni kuwa na risasi ndani. Kwa mtu ni tajiri, au kwa Wamarekani, amelewa. "Two rounds" ni risasi mbili au meza imenunuliwa vinywaji mara mbili, na daktari "on rounds" anapitia wagonjwa vitandani. "Shot" ni mlio wa bunduki, sindano ya chanjo, au kikombe kidogo cha kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Simamisha mazungumzo uulize kwa ufupi: "Do you mean drunk?" Mgeni mwenye akili hatakasirika.

Kwa walioshikwa na uraibu, "using" bila kitu nyuma yake ni kutumia madawa, na "clean" ni aliyeyaacha, si aliyeoga. "Hooked" amenaswa, hawezi kuacha. Lakini "hooked on a series" ni mapenzi ya filamu tu. "Cold turkey" ni kuacha ghafla, siku moja, bila kupunguza kidogokidogo. Ifikishe kamili, kwa sababu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akiacha hivyo anaweza kupata degedege na kuweweseka, na pengine kufa. Daktari anayeonya dhidi ya "cold turkey" anamkataza mgonjwa asiache peke yake nyumbani. Hamruhusu kuendelea kulewa. Sema yote mawili.

Mwisho pima uzito wa Kiswahili chako. "Tipsy" ni kuchangamka kidogo, kasiksi, yaani pombe ya ndizi, imeanza kupanda. Usimfanye kuwa mlevi, maana mlevi ni tabia na "amelewa" ni hali ya leo. "Junkie" ni tusi: kama msemaji ametukana, fikisha tusi; kama ni wewe unayeandika ripoti, andika "mtu mwenye uraibu". Na kwenye PV ya polisi, yaani hati ya maelezo, acha neno la Kiingereza ndani ya alama za kunukuu, kisha weka maana uliyoichagua, ili wakili aweze kuipinga.