Kupima kutu ndani ya tangi la chuma, Tanga

Maji yakianza kutoka mekundu bombani, kutu imeshakula tangi siku nyingi. Njia ya kuiwahi ni ile inayotumika kwenye mabwawa ya kuhifadhia fueli ya nyuklia iliyokwisha tumika: tundika majini vipande vya metali ileile, vitoe baada ya muda, uvipime. Kule huning'iniza visahani vya alumini. Kwa tangi la chuma, kata vipande vya chuma cha aina ileile, milimita 50 kwa 25, unene 2. Toboa tundu, piga namba, sugua kwa msasa namba 120, osha kwa asetoni, kausha, pima uzito hadi miligramu. Baada ya hapo usivishike kwa mkono mtupu. Jasho lina chumvi.

Tumia uzi wa nailoni: kimoja usawa wa maji, kimoja katikati, kimoja sentimita 10 kutoka chini. Kisiguse ukuta, la sivyo kinaungana na tangi kiumeme na kipimo kinaharibika. Cha nne kitundike kikiwa kimelala bapa. Hiki usikiache. Hata kwenye mabwawa ya nyuklia, visahani vilivyolazwa hutoboka zaidi ya vilivyosimama, kwa sababu vumbi hutua juu yake na kutu huchimba chini ya vumbi. Tanga upepo wa bahari hubeba chumvi, na mfuniko uliolegea huikaribisha.

Usiingie tangini kuvitundika: kutu hula oksijeni, na tangi lililofungwa muda mrefu huua.

Siku 90 zikitimia, piga picha kabla ya kuosha. Sugua kwa brashi ya plastiki, kisha loweka dakika 10 kwenye mchanganyiko huu: maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, gramu 3.5 za heksamini, na mililita 500 za asidi ya hidrokloriki kali, ukikamilisha lita 1. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, polepole, nje penye hewa, ukivaa glavu na miwani. Heksamini huzuia asidi isile chuma kizima. Loweka pia kipande ambacho hakijatumika. Uzito kilioupoteza utoe kwenye hesabu.

Zidisha 87.6 kwa miligramu zilizopotea, gawanya kwa 7.85 × 28 × 2160 (uzito wiani, eneo kwa sentimita za mraba, saa). Miligramu 400 ni kama milimita 0.07 kwa mwaka.

Wastani huo hauonyeshi vishimo. Pima kina cha kirefu kuliko vyote kwa mikromita ya kina. Kipande kilicholala kikiwa na vishimo na vingine havina, fungua koki ya chini, toa tope, kaza mfuniko, anza siku 90 nyingine.